Maswali ya Wasomaji: Kibao cha Ukutani Hakimfungi Mgeni

Barua tulizochagua mwezi huu zimetoka Tanga, na zote zinahusu nyumba za wageni na migahawa. Majina ya walioandika tumeyahifadhi, na baadhi ya barua tumezifupisha bila kugusa maana yake.

SWALI: Wakili, asalaam aleykum. Ninamiliki nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, maeneo ya Raskazone. Mwezi uliopita mgeni mmoja alikwenda kuogelea, akaacha ufunguo mapokezi kama tunavyowaomba wageni wote wafanye, na aliporudi akakuta kompyuta yake na fedha taslimu hazipo chumbani. Mlango haukuvunjwa. Nyuma ya mlango wa kila chumba nimebandika kibao kinachosema kwamba uongozi hautahusika na upotevu wa mali ya mgeni. Sasa ananitishia mahakama. Je, kibao hicho hakinitoshi?

JIBU: Waaleykum salaam, mama. Kwa maelezo uliyoyatoa, kibao hicho hakikutoshi, na sababu ya kwanza ni mahali ulipokiweka. Mkataba kati yako na mgeni unafungwa pale mapokezi, anapoandika jina lake katika daftari na kulipia chumba. Sharti analokutana nalo baadaye, akiwa amekwishalipa na kuingia chumbani na begi lake, limechelewa kuwa sehemu ya makubaliano, kwa kuwa hakuna mtu anayefungwa na sharti ambalo hakulijua wala hakupewa nafasi ya kulijua alipokuwa akikubali.

Jambo hili liliamuliwa nchini Uingereza mwaka 1949 katika shauri la Olley dhidi ya hoteli ya Marlborough Court, na utaona jinsi linavyofanana na lako. Bibi Olley alitundika ufunguo wake kwenye ubao wa mapokezi akatoka, mtu akauchukua bila kuulizwa na yeyote, akapanda chumbani na kuondoka na makoti yake ya manyoya pamoja na vitu vingine. Hoteli ilijitetea kwa tangazo lililokuwa ndani ya chumba. Mahakama ya Rufani ya huko ilikataa utetezi huo, ikasema tangazo limekuja baada ya mkataba, na kwamba hoteli ilikuwa na uzembe katika kuulinda ufunguo. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wetu, lakini husomwa na kuheshimiwa, hasa katika masuala ya mikataba na uzembe ambayo misingi yake tuliirithi kutoka huko.

Unaweza kusema kwamba basi utakihamishia kibao mapokezi. Kihamishe, kwani kitakusaidia kidogo, ila usikitegemee kama unavyotegemea kufuli. Mgeni alipofuata utaratibu wako na kukukabidhi ufunguo, ulibeba wajibu wa kuutunza kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara angeutumia kwa mali yake mwenyewe, na maneno ya jumla ya kujitoa katika lawama hayafuti wajibu huo kwa urahisi. Swali ambalo hakimu atakuuliza litakuwa la kawaida kabisa: siku ile, kati ya saa fulani na saa fulani, ufunguo ulikuwa mikononi mwa nani, na ufunguo wa akiba ulikuwa wapi? Nimeshuhudia wenye nyumba za wageni waliokosa jibu hapo, nao ni watu waaminifu wasio na kosa jingine lolote.

Kwa hiyo anza na daftari la funguo, lionyeshe kila ufunguo unaotoka na kurudi, saa yake na saini ya aliyeupokea, wakiwemo wafanya usafi. Weka kasiki mapokezi, na mgeni aambiwe kwa mdomo wakati wa kujiandikisha kwamba fedha na vitu vya thamani vinapokelewa kwa stakabadhi; akikataa kuvikabidhi, aandike hivyo na kuweka saini. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, na kweli mgeni wa usiku mmoja huwa hana subira ya kujaza fomu, lakini mistari miwili yenye saini yake ina uzito kuliko kibao cha mita nzima.

Kuhusu mgeni huyu mwenyewe, usikimbilie kulipa kiasi chochote anachokitaja. Ni juu yake kuthibitisha kwamba alikuwa na mali hiyo na thamani yake, na kwa fedha taslimu uthibitisho huo ni mgumu. Hakikisha tukio limeripotiwa polisi, mpe ushirikiano, na kama mtapatana, mapatano yaandikwe na yaseme wazi kwamba yanamaliza madai yote. Usidhani kwamba akinyamaza miezi mitatu amesahau, kwa kuwa madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita, na yale ya uzembe ndani ya miaka mitatu.

Jambo moja hukuliuliza, nami sitaliacha. Wafanya usafi wako wasifungiwe stoo wala kupigwa ili waungame. Ukiruhusu hilo, kesi ya kompyuta itageuka kuwa kesi yako ya jinai.

Mwisho, itazame bima yako. Wenye nyumba za wageni wengi wana bima ya moto kwa jengo na samani, wakaamini kwamba wamekingwa kwa kila jambo. Muulize wakala wako kwa maandishi kama mkataba wenu unagusa mali ya wageni na madhara yanayompata mgeni akiwa kwako. Kama haugusi, unachohitaji ni bima ya dhima, yaani ile inayolipa pale unapowajibika kwa hasara ya mtu mwingine.

SWALI: Ndugu Wakili, gari la mteja limekwanguliwa uani kwa mgahawa wetu, hapa Chumbageni. Maegesho ni ya bure. Tunawajibika?

JIBU: Inategemea funguo za gari zilikuwa kwa nani. Mteja aliyeegesha mwenyewe, akafunga gari na kuondoka na funguo zake, kwa kawaida amepewa ruhusa tu ya kutumia eneo lenu, wala hakuwakabidhi gari lake. Mambo hubadilika pale mlinzi anapopokea funguo ili alisogeze gari kupisha wengine, jambo ambalo mjini kwetu limekuwa desturi siku za harusi. Hapo mmepokea amana, na mkwaruzo uliotokea mikononi mwa mlinzi wenu ni mkwaruzo wenu. Kama hamna haja ya kushika funguo za watu, msizishike.

SWALI: Shikamoo Wakili. Mimi ni mhudumu katika mgahawa mmoja Ngamiani, ninalipwa shilingi 280,000 kwa mwezi. Wateja wa meza yangu waliondoka bila kulipa bili ya shilingi 64,000, na wiki hiyohiyo trei ya glasi ilianguka nikiwa nimeibeba. Mwisho wa mwezi nimekatwa shilingi 96,000 kwa pamoja. Bosi anasema ndiyo sheria ya kazi ya mgahawa. Ninaingia saa nne asubuhi na kutoka saa sita usiku, siku sita kwa wiki, na mkataba wa maandishi sina.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo si sheria, ni mazoea, na sheria inayapinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kukata mshahara isipokuwa pale makato yanaporuhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au amri ya mahakama, au pale mfanyakazi mwenyewe anapokubali kwa maandishi kulipa deni. Hata ukikubali, makato ya kufidia hasara yana masharti yake: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, mwajiri akueleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, akupe nafasi ya kutosha ya kukipinga, deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Robo ya shilingi 280,000 ni shilingi 70,000. Bosi wako amekata 96,000 bila karatasi yoyote, kwa hiyo amekosea hata kabla hatujafika kwenye glasi.

Bili ya wateja waliotoroka ni deni la wateja hao. Ili iwe kosa lako, ingebidi ionyeshwe kwamba uliacha kufanya jambo ulilotakiwa kulifanya, kwa mfano kama utaratibu unataka bili za meza za nje zilipwe mapema nawe ukaupuuza. Mhudumu mmoja aliyepewa meza nane usiku wa Jumamosi hawezi kuwa pia askari wa mlangoni. Kwa upande wa glasi, ajali si lazima iwe uzembe. Sakafu iliyolowa na trei iliyojazwa kupita kiasi ni mambo ya mwenye mgahawa pia.

Saa zako za kazi zinanisikitisha zaidi kuliko makato. Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na hata ukiongeza saa za ziada, siku moja haitakiwi kuzidi saa 12. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na kazi inayofanywa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Maelezo ya ajira yako unapaswa kupewa kwa maandishi, na mwajiri asiyeyatoa hujiumiza mwenyewe, kwa kuwa mgogoro ukifika mbele ya vyombo vya haki, ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha sharti analodai mlikubaliana.

Anza kwa kuzungumza naye kwa adabu, ukiwa na hesabu zako kwenye karatasi. Akikataa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai kama haya una siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, lakini akikufukuza kazi kwa sababu ya kudai haki, muda wa kupinga kufukuzwa ni siku 30 tu, na wengi huupoteza wakiwa bado wanabembeleza warudishwe. Andika kuanzia leo saa unayoingia na saa unayotoka, kila siku.

SWALI: Wakili, tuna mgahawa mdogo wa samaki hapa mjini. Ijumaa moja wateja watatu waliokula jodari waliwashwa mwili, nyuso zikawa nyekundu na vichwa vikawauma ndani ya saa moja. Samaki hakuwa na harufu mbaya na alikaangwa vizuri. Mmoja wao anadai fidia, ingawa aliyelipia chakula ni mwenzake. Ni mzio wake tu, au tuna kosa?

JIBU: Watu watatu kupata mzio uleule kwa saa moja ni jambo la nadra. Dalili mlizozieleza zinafanana sana na sumu ya histamini, ingawa daktari ndiye mwenye kauli ya mwisho. Jodari, nguru na vibua wana asili ya kemikali ambayo bakteria huigeuza kuwa histamini pale samaki anapokaa katika joto. Ikishatokea, haiondolewi kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha, na samaki anaweza kuonekana mzima na kunukia vizuri kabisa. Kinga ni barafu tangu chomboni hadi jikoni, samaki akae chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Jodari aliyevuliwa alfajiri, akakaa juani sokoni hadi saa tano, kisha akabebwa kwenye bodaboda ndani ya mfuko, amekwishaharibika kabla mpishi wenu hajamwona.

Kisheria, kusema kwamba mpishi hakuwa na uzembe hakuwatoshi, kwa sababu anayeuza chakula anaahidi, hata bila kutamka, kwamba chakula hicho kinafaa kuliwa, na ahadi hiyo ikivunjika anawajibika hata kama hakujua. Hoja ya kwamba aliyelipa ni mwingine nayo ni ya zamani. Mwaka 1938 huko Uingereza, katika shauri la Lockett, mke na mume waliingia hotelini kula, mke akaugua kwa samaki wadogo aliokula, na hoteli ikadai kwamba mkataba wake ulikuwa na mume. Mahakama iliona kwamba kila anayeketi na kuagiza chakula ana mkataba wake na mwenye hoteli, isipokuwa pakiwa na makubaliano mengine.

Lipeni gharama za matibabu zenye risiti, na mzungumze juu ya zilizobaki. Kisha badilisheni ununuzi: mwuzaji mmoja anayejulikana, karatasi ya tarehe na uzito wa kila samaki, sanduku la barafu analokwenda nalo sokoni mnunuzi wenu, na kipimajoto ndani ya friji, kwa sababu umeme ukikatika usiku mkono wako hauwezi kukuambia friji ilifika nyuzi ngapi. Mkiwa na karatasi hizo mnaweza nanyi kumdai aliyewauzia. Bila hizo, mzigo wote unabaki kwenu.

SWALI: Wakili, mapokezi wetu huwapiga picha wageni vitambulisho na pasipoti, kisha kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili meneja azione. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawagusa nanyi kama inavyogusa benki: mnaokusanya taarifa za watu mnapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuchukua zile tu mnazozihitaji, na kuzilinda zisifike kwa wasiohusika. Mpishi na mtunza bustani hawana haja na pasipoti ya mgeni. Andikeni namba ya kitambulisho katika daftari, mrudishieni mgeni papo hapo, na daftari lifungiwe. Picha zilizokwisha kutumwa zifutwe kwenye simu zote za kundi hilo, zikiwemo za wafanyakazi walioacha kazi, pamoja na nakala ambazo simu zimejihifadhia zenyewe.