Ukikuta neno "patent" kwenye ripoti ya hospitali

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka, na zinazonijia kwa wingi ni ripoti za hospitali. Mzazi mmoja aliniletea ripoti ya moyo ya mtoto wake, tayari kaitafsiri kwa simu. Simu ilimwambia mwanawe ana mshipa "wenye hataza", yaani haki ya peke yake anayopewa mvumbuzi juu ya alichobuni, ambayo kwa Kiingereza nayo huitwa patent. Akaniuliza, huo mshipa umesajiliwa na nani?

Ripoti ilisema "patent ductus arteriosus". Hapo patent ni sifa tu, maana yake kilicho wazi. Nomino yake ni patency, neno ambalo nje ya wodi hulisikii mara nyingi. Mzizi ni Kilatini, patere, kuwa wazi. Mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu kupumua, kwa hiyo mshipa huo mfupi, ductus arteriosus, huipitisha damu njia ya mkato, kutoka mshipa wa mapafu hadi mshipa mkuu wa mwili. Akishazaliwa, kwa kawaida hujifunga ndani ya siku chache. Kwa watoto njiti mara nyingi huchelewa. Mwaka 1938, huko Boston, daktari Robert Gross alifanikiwa kuufunga kwa upasuaji, wa kwanza kufanya hivyo.

Wauguzi nao wanalo neno hili kila siku. Kabla ya kukuchoma dawa kwenye kanula (kile kimrija kinachoachwa ndani ya mshipa), husukuma kwanza maji kidogo ya chumvi kwa sirinji. Yakipita bila kukwama na mkono usivimbe, patency ipo.

Sasa hataza iliingiaje humu? Wafalme wa Uingereza walikuwa na barua zilizofungwa kwa lakiri, na nyingine zilizoachwa wazi, muhuri ukining'inia chini, asome yeyote. Hizo za wazi ziliitwa "letters patent". Mwaka 1449 Henry VI alimpa John wa Utynam, fundi kutoka Flanders (eneo la Ubelgiji ya leo), barua ya namna hiyo: haki ya peke yake ya kutengeneza vioo vya rangi kwa miaka 20. Polepole jina la barua likawa jina la haki yenyewe. Na uwazi haujatoka: hata leo anayeomba hataza lazima aeleze hadharani kitu chake kinavyofanya kazi. Mwenye siri ya biashara anayotaka kuificha asiombe. (Nimeshawaambia hivyo mafundi kadhaa, hawapendi kusikia.)

Kwa hiyo usitazame patent peke yake, tazama neno lililoandamana nalo. Likiwa mshipa, mrija au kanula, soma "wazi". Bado hujamaliza, maana uwazi si habari mbaya wala njema wenyewe. Mishipa ya moyo ya mtu mzima ikiandikwa patent, shukuru, damu inapita. Mshipa ule wa mtoto ukiwa bado patent ana mwaka mzima, hilo ni jambo la kliniki ya moyo. Muulize daktari hivi: hiki kilitakiwa kiwe wazi, au kiwe kimeshafunga?