Maswali ya Wasomaji: Watoto Waliokosekana kwenye Kitabu cha Vifo

SWALI: Ndugu Mhariri, tunaandika historia ya kijiji chetu. Paroko ameturuhusu kusoma kitabu cha vifo cha parokia. Miaka ya 1940 ina watoto wachache mno, lakini bibi zetu wanasema hapakuwa na nyumba ambayo haikuzika mtoto. Tushike lipi?
Wasomaji wa Kasulu

JIBU: Bibi zenu wanasema kweli. Kifungueni kitabu cha ubatizo, maana huko ndiko watoto wengi walikoandikwa. Mtoto aliyezidiwa alibatizwa nyumbani na katekista, mbali na misheni, na padre akamwandika baadaye orodha ilipomfikia. Tafuteni maneno ya Kilatini in periculo mortis au in articulo mortis, yaani alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa, au msalaba mdogo kando ya jina. Pengine msalaba huo ndio alama pekee ya kifo chake. Aliyekufa kabla ya ubatizo, na mtoto wa familia ya Kiislamu au ya dini ya jadi, kwa kawaida hamtamkuta katika kitabu cha parokia. Bomani nako msitegemee mengi: sheria ya 1920 ya kuandikisha vizazi na vifo haikuwalazimisha Waafrika wa vijijini.

Chukueni daftari kubwa, kila mtoto na mstari wake: namba yake kitabuni, tarehe ya kuzaliwa, ya ubatizo, jina la baba, la mama, kitongoji, tarehe ya kufa. Kisha linganisheni vitabu viwili kwa majina ya wazazi na tarehe ya kuzaliwa. Jina la ubatizo peke yake litawapoteza, kwa kuwa akina Maria na Yosefu ni wengi. Namba zikiruka, tuseme kutoka 212 hadi 231, huenda karatasi imechanika. Andikeni pengo hilo lilivyo, msilijaze kwa kukisia.

Majina ya nyumbani nayo yana ushahidi. Kwa Waha, Bukuru na Butoyi ni majina ya mapacha. Mkimkuta Butoyi bila Bukuru, au Kiza ambaye hakutanguliwa na mapacha kitabuni, waulizeni ukoo. Kiza huzaliwa baada ya mapacha. Kama ndugu zake hao hawamo, huenda walikufa wachanga kabla ya kuandikwa popote. Kwa Wanyamwezi mtafuteni Shija vivyo hivyo, nyuma ya Kulwa na Doto.

SWALI: Kitabu cha zamani kina "die 4 7bris", halafu "dierum 8". Mtoto huyu alikufa mwezi wa saba?
Msomaji, Ndala, Tabora

JIBU: Alikufa Septemba 4, akiwa na siku nane. 7bris ni Septemba, 8bris Oktoba, 9bris Novemba, na 10bris au Xbris ni Desemba. Ukizisoma kama namba za miezi ya leo, vifo vya mwanzo wa mvua vitahamia kiangazi na mpangilio mzima wa magonjwa utavurugika. Dierum ni siku, mensium miezi, annorum miaka.

Vifo vingi vya kati ya siku ya 4 na ya 14 huashiria pepopunda ya watoto wachanga, inayoingia kwa kitovu kilichokatwa au kupakwa kitu kisicho safi. Dhana hiyo inafaa kwa kundi la vifo. Kwa mtoto mmoja mmoja, usiandike ugonjwa ambao padre hakuuandika. Shajara ya misheni, iliyoandikwa siku kwa siku, ndiyo mara nyingi hutaja surua au kifaduro.

SWALI: Tunapataje kiwango cha vifo?
Msomaji, Kibondo

JIBU: Gawanya vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja kwa vizazi vya kipindi hicho, kisha zidisha kwa 1,000. Kwa mfano, vifo 24 katika vizazi 160 ni 150 kwa kila 1,000. Lakini kwanza ondoa wakatekumeni, yaani watu wazima waliofundishwa dini wakabatizwa, kwani wamo katika kitabu hichohicho cha ubatizo na watakupunguzia kiwango bila wewe kujua. Kijiji kidogo kipigiwe hesabu kwa miaka mitano mitano; kwa mwaka mmoja, watoto wawili tu hubadilisha kila kitu. Tena angalia mipaka: Operesheni Kigoma ya 1972 ilihamishia kaya nyingi katika vijiji vya ujamaa, hivyo kijiji cha leo si lazima kiwe na watu walewale wa kitabuni.

SWALI: Tuyachapishe majina?
Msomaji, Uvinza

JIBU: Idadi, ndiyo. Majina, msiyachapishe bila idhini ya ukoo na ya paroko. Mama wa mtoto aliyezikwa miaka ya 1970 huenda bado yu hai. Mwendeeni kabla ya kuchapisha, na akikataa, jina la mtoto wake libaki kitabuni.