Jibu: Kabla ya kununua kopo la protini

Ndugu yangu, umeuliza kama kijana wa kilo 60, anayecheza kandanda na kunyanyua vyuma, anunue unga wa protini ili misuli ijae. Mimi huwanoa vijana wa timu ya mtaa hapa Langoni, Lamu, na kabla ya kuzungumzia kopo huwauliza wamekula nini tangu asubuhi.

Mtu mzima asiye na mazoezi hukadiriwa gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayefanya mazoezi mazito huhitaji kati ya gramu 1.2 na 2, kwa hiyo wewe ukilenga 1.6 utahitaji gramu 96. Kwa mtu wa mwambao hilo si jambo gumu, kwa kuwa kipande cha samaki kama kolekole au nguru chenye gramu 150 baada ya kupikwa hutoa takriban gramu 35, na yai moja hutoa gramu 6.

Taabu ni kwamba wengi hunywa chai ya rangi kwa mahamri asubuhi, mchana wakala wali kwa mchuzi wenye kinofu kimoja, kisha samaki wa kupaka akangojewa usiku. Mlo mmoja haubebi gramu 96, na mwili hauna ghala la protini kama ulilo nalo la mafuta. Gramu 20 hadi 30 katika kila mlo humfaa zaidi mchezaji, maana misuli huendelea kujijenga kwa saa 24 au zaidi baada ya mazoezi mazito.

Hapo ndipo ninapozitetea mbaazi za nazi. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino: ngano ya mahamri ina upungufu wa kimoja, laisini, ambayo mbaazi zinayo kwa wingi, nazo mbaazi zina upungufu wa kingine, methionini, ambayo ngano huichangia. Bibi zetu waliviunganisha bila kusoma kemia. Lakini tazama mezani: kijana huchovya hamri kwenye tui mpaka likauke, kisha mbaazi zenyewe akaziacha chini ya bakuli. Azile zote, aongeze mayai mawili, na asubuhi yake itakuwa imetengenea.

Wali usiuache. Ukipunguza wanga mno, mwili huichoma protini kuwa nishati, nawe utachoka kabla ya kipindi cha pili. Katika Ramadhani gawa protini kati ya futari, chakula cha usiku na daku, wala usiridhike na tende na uji.

Unga wa kopo mara nyingi hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapotengenezwa jibini. Ni chakula cha kumfaa mtu aliye mbali na jiko, ila hauna nguvu ambayo nguru hana, na bila vyuma haujazi msuli wowote. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari.