Kutoa mbao za urembo ndani ya gari la zamani bila kuzipasua

Ndugu, nimekuelewa: unataka kutoa mbao za dashibodi na milango ili uzipake vanishi upya, nawe unachelea zisije zikapasuka. Hofu yako ina msingi, kwa kuwa mara nyingi kinachoonekana ni utando mwembamba wa mbao uliobandikwa kwa gundi juu ya plaiwudi au alumini, na vanishi iliyozeeka juu yake huvunjika kama ganda la yai.

Kwanza chomoa waya hasi wa betri. Kisha tafuta skrubu zote, ambazo hupenda kujificha nyuma ya kisahani cha majivu, chini ya redio na ndani ya mishikio ya milango. Niliwahi kuvuta kipande cha mlango nikidhani kimeshikwa na klipu pekee. Skrubu moja niliyoiruka ilipasua kona, na ufa ukafuata mshipa wa mbao hadi katikati. Kipande kikikataa kutoka, acha kuvuta, utafute tena.

Kwenye klipu tumia kabari ya plastiki, kamwe si bisibisi, nayo uisukume karibu kabisa na klipu yenyewe. Palipo na gundi, pasha joto taratibu kwa kikausha nywele, kisha pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma ya ubao ukiuvuta huku na huku kama msumeno.

Iwapo gari lina mifuko ya hewa (ile inayofumuka kukinga abiria gari linapogongana) karibu na mbao hizo, mwachie fundi aliyesomea kazi hiyo. Utando ukiwa umeshaanza kubanduka, mwone kwanza seremala wa samani za kale.