Daktari wangu alijifunza kwenye kompyuta: nikubali anipasue?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na mwezi ujao natakiwa kupasuliwa kwa njia ya matundu madogo. Daktari atakayenipasua ni kijana. Nilipomuuliza alijifunza wapi kazi hiyo, akanijibu kwa uso mkunjufu kwamba alianzia kwenye mashine ya kompyuta, akimpasua mgonjwa asiyekuwepo. Tangu siku hiyo usingizi umeniruka. Mume wangu anasema gemu ni gemu na tumbo ni tumbo. Je, niahirishe nimtafute mzee mwenye mvi?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiahirishe kwa sababu hiyo. Kijana huyo amekwambia jambo jema, ila hakulimalizia.

Mimi nilisomea upasuaji wakati nyongo ikitolewa kwa mkato mrefu chini ya mbavu. Matundu madogo yalinikuta nikiwa bingwa tayari, ikanibidi nikae tena kwenye kiti cha mwanafunzi. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake uinuke, kamera inaingilia kitovuni, na vyombo vyembamba virefu vinapitia matundu mengine. Macho yako kwenye skrini, hayaioni mikono. Skrini yenyewe ni bapa, hivyo kujua kipi kiko mbele na kipi nyuma ni kazi. Halafu, kwa kuwa chombo kimeegemea kwenye tundu, ukipeleka mkono kulia ncha yake huko ndani inakwenda kushoto. Wewe ni mtu wa Tanga, umewaona manahodha: kana, ule mpini wa usukani, ikisukumwa upande huu, jahazi linageukia ule. Nahodha hafikirii tena, mkono umeshazoea. Basi mkono wa daktari nao uzoee wapi? Zamani ulizoea ndani ya tumbo la mgonjwa.

Gharama yake ilionekana. Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hii huko Böblingen, Ujerumani, mwaka 1985, na miaka michache baadaye njia hiyo ilikuwa imeenea kwa kasi kuliko mafunzo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majeraha ya mrija mkuu wa nyongo, unaoipeleka nyongo kutoka ini hadi utumbo, yaliongezeka. Mrija huo ukikatwa, mgonjwa aliyetegemea kurudi nyumbani mapema huenda akahitaji upasuaji mwingine mkubwa wa kuuunganisha na utumbo. Nimewahudumia wagonjwa wa namna hiyo. Walikuja na matumaini ya kitu chepesi, na sura zao sijazisahau.

Mashine aliyokutajia kijana wako ina vishikio kama vya vyombo vyenyewe, na kwenye skrini kuna tumbo la uhalisia pepe, yaani lililochorwa na kompyuta. Unabana mrija kwa klipu, unakata, unachoma kwa umeme; ukikosea, damu inatoka. Mwishoni inakupa hesabu yako: muda uliotumia, umbali ambao ncha ya kila chombo imetembea, na mara ulizogusa pasipotakiwa. Mimi hutazama umbali kwanza. Mkono usiojua unatangatanga, mkono unaojua hauna safari ya bure. Tena mashine haijui nani ni mtoto wa nani, na hilo nalipenda sana.

Mumeo ana haki ya kutaka ushahidi, msomee huu. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilitangaza matokeo ya madaktari 16 wanaosomea ubingwa. Nusu yao walifanya mazoezi kwenye mashine iitwayo MIST VR hadi kufikia kiwango cha mabingwa, kisha wote wakaingia kwenye upasuaji wa nyongo kwa wagonjwa halisi, pamoja na bingwa asiyejua nani alipitia mashine. Waliopitia walimaliza kazi ya kuutenganisha mfuko kwa kasi zaidi kwa asilimia 29. Wasiopitia walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kuujeruhi mfuko au kuunguza pasipohusika. Mwaka 2009 Wadenishi nao walitangaza jaribio la madaktari 24 wa magonjwa ya wanawake, katika upasuaji wa kutoa mrija wa uzazi. Waliofundishwa kwa mashine walitumia dakika 12, wenzao 24, na ustadi wa waliopitia mashine ulilingana na wa mtu aliyekwisha kufanya upasuaji kati ya 20 na 50.

Sasa lile ambalo hakulimalizia. Mashine inaufundisha mkono. Mfuko uliovimba kwa maambukizi, ukagandamana na utumbo hata usijue kipi ni kipi, unafundishwa na bingwa aliyesimama ubavuni. Kanuni yetu ni kutokata chochote mpaka uone wazi vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko: mrija wake na mshipa wake wa damu. Visipoonekana, unaacha au unageukia njia nyingine, hata mkato mrefu. Kwa hiyo muulize bila woga: ameshafanya ngapi kwa wagonjwa akisimamiwa, bingwa gani atakuwepo siku hiyo, na mambo yakiwa magumu wataamua nini? Maswali hayohayo muulize na mzee. Kama mvi zake zote ziliotea kwenye mkato mrefu, kwa matundu madogo hana usalama zaidi wa kukupa.

SWALI: Daktari, nasomea ubingwa wa upasuaji. Tunacho kisanduku cha mazoezi chenye kamera, mashine ya uhalisia pepe hatuna. Nitaachwa nyuma?
Daktari kijana, Mwanza

JIBU: Hapana, usikidharau kisanduku hicho. Mtihani wa FLS, yaani wa misingi ya upasuaji wa matundu madogo, ambao Marekani inawadai madaktari wake kabla ya ubingwa wa upasuaji, sehemu yake ya vitendo hufanyiwa kwenye kisanduku: kuhamisha vipande kutoka kigingi hadi kigingi, kukata duara kwenye kitambaa cha shashi, kufunga kitanzi, na kushona kwa fundo linalofungiwa nje ya kisanduku na linalofungiwa ndani. Uzi ni uzi kweli, unausikia ukikaza. Utakachokosa ni mashine ya kukuhesabia makosa.

Mwombe bingwa wako afanye zoezi lilelile mbele yako, uandike muda wake na makosa yake. Hicho ndicho kiwango chako, nawe usijihesabu umefika mpaka ukifikie mara mbili mfululizo. Jirekodi kwa simu, umpe mwenzako ahesabu makosa, usijihesabie mwenyewe. Na mkono wa kushoto uupe muda mwingi kuliko wa kulia.