Kabla ya kadi ya grafiki, soma lebo ya pawa saplai

Mashine ninayochezea gemu ni Dell OptiPlex 9020, ile ya umbo kubwa, yenye prosesa ya Core i5-4590. Ilitengenezwa kwa kazi za ofisini, ikaja Kariakoo kama used, nami nikaibeba nyumbani kwa bajaji. Najua wengi wenu mna dada zake: OptiPlex nyembamba, HP EliteDesk na kadhalika. Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: "Bro, niweke kadi gani?" yaani kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Nami huuliza kwanza: pawa saplai yako, lile boksi linalogawa umeme ndani ya mashine, ina wati ngapi?

Hapo ndipo ukimya unapoingia. Basi fungua mfuniko wa ubavuni, washa tochi ya simu, usome lebo. Yangu imeandikwa wati 290, na ile nyembamba ina 255. Usifikiri utachomoa hiyo na kuchomeka nyingine yoyote ya dukani, maana hizi Dell zinatumia plagi ya pini 8 kwenye ubao mama, wakati pawa saplai za kawaida zina pini 24. Waya wa kuunganishia upo, lakini jumlisha bei yake, pawa saplai mpya na hela ya fundi, utaona unaanza kuikaribia bei ya mashine nyingine.

Kwa hiyo bajeti yangu ilifuata kile ambacho boksi linakubali. Sloti ya kadi inatoa umeme usiozidi wati 75, na zipo kadi zinazoridhika na hizo bila waya wa ziada. Mbili zinazopatikana kirahisi ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya 2019, zote za GB 4. Mimi nilichukua 1650. Ila igeuze uikague kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya matoleo ya 1650 yana tundu la umeme la pini 6, na pawa saplai za ofisini mara nyingi hazina plagi hiyo. Mwenye mashine nyembamba atafute ya kimo kifupi, vinginevyo mfuniko hautafunga. RX 6400 nayo haihitaji waya, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe (mfumo wa sloti unaopitisha data kati ya kadi na ubao mama), na kwenye mashine za zamani kama hizi zenye PCIe 3.0 inapungua nguvu. Na kuhusu RX 580 ya GB 8 ambayo kila mtu anaitamani: inakula wati 185. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini huenda hata huhitaji kadi. Kama tayari unayo na gemu bado linakwamakwama, weka MSI Afterburner, programu ya bure inayoonyesha pembeni ya skrini kazi inayofanywa na prosesa na kadi. Halafu fanya jaribio hili: shusha rezolusheni (wingi wa nukta za picha) kutoka 1080p hadi 720p, urudie sehemu ile ile ya gemu. Fremu, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, zikipanda sana, kadi ndiyo iliyozidiwa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayohema, na kadi mpya haitakusaidia kitu. Kwangu, baada ya kuweka 1650, GTA V mjini kwenye magari mengi ilikuwa inaipeleka i5 hadi asilimia 100 huku kadi ikipumzika.

Dawa yake kwenye sokete hiyo, yaani tundu la prosesa la mashine hizi, ni i7-4790, yenye kori 4 zilezile lakini nyuzi 8, yaani inashika kazi nane kwa wakati mmoja. Inunue used tu, tena ukiipata kwa bei ya kirafiki. Hela utakayotia kwenye prosesa ya kizazi cha nne na RAM ya DDR3 inabaki na ubao huo hadi siku ya mwisho wake. Kadi na SSD (diski mpya ya kasi) utahama navyo. Ndiyo maana mimi huanza na vinavyohamishika.

SSD haiongezi fremu, tusidanganyane. Inachofanya ni kuwasha Windows haraka na kupunguza ile hali ya ramani kuchelewa kutokea wakati gari limeshafika. Ya GB 480 inatosha Windows na gemu mbili tatu, ile diski ya zamani ibaki na muvi. RAM, kama unayo moja ya GB 8, ongeza ya pili inayofanana nayo, maana mbili zikifanya kazi pamoja data hupita kwa upana maradufu, na kukwamakwama kunapungua. Ukikutana na RAM ya bei ya kutupa, uliza kama ni ya seva. Zile za ECC zilizosajiliwa (Registered), aina ya seva inayojisahihisha makosa, haziingiliani na mashine hizi.

Kuna kazi ya bure nayo. Puliza vumbi, kisha futa ile dawa ya kijivu iliyokauka juu ya prosesa na upake mpya. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe, na Dar hii joto halikusubiri.

Siku ya kununua kadi, nenda na flashi yenye GPU-Z, programu inayoonyesha kadi ni ya aina gani. Kuna kadi za zamani zilizobadilishiwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) zijiite 1050 Ti, na GPU-Z huzitambua nyingi kwa kuandika neno FAKE mbele ya jina. Omba ichomekwe hapohapo dukani, gemu lichezwe robo saa, uangalie joto na usikilize feni. Muuzaji akisema hana mashine ya kujaribia, duka la pili liko mlango unaofuata.

Na kama mfukoni una laki moja tu, nunua SSD, puliza vumbi, endelea kucheza kwa 720p huku ukidunduliza ya kadi.