Chati ya mauzo ya nje ya rojo la mbao: weka tani kando ya dola kabla hujalinganisha nchi

Mkuu, umeuliza kwa nini chati yako inaonyesha Brazil ikiporomoka 2020, wakati inasifiwa kwa kuongoza kuuza nje rojo la mbao, ile malighafi ya karatasi. Chati haijakosea. Mwaka 2018 Brazil iliingiza zaidi ya dola bilioni 8; 2020 ikapata karibu bilioni 6, ingawa tani zilizopakiwa melini ziliongezeka. Kilichoanguka ni bei. Kila safu ya dola iwe na safu ya tani kando yake, na ya tatu ya bei kwa tani.

Hiyo safu ya tatu ndiyo itakayokuokoa. Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, inatoa dola na kilo. FAOSTAT, ya shirika la chakula na kilimo FAO, inatoa maelfu ya dola na tani. Kwa hiyo ukigawanya thamani kwa uzito, kote unapata jibu la aina moja, mfano 0.55. Zidisha kwa 1000: dola 550 kwa tani, inaeleweka. Ukipata 0.55 au 550,000, kuna mtu aliyechanganya kilo na tani; ukipata 55 au 5500, huenda uzito ulikadiriwa vibaya. Kwenye FAOSTAT angalia pia herufi iliyo pembeni ya namba: A ni takwimu rasmi, E na I ni makadirio. Mwaka wenye I usiujengee hoja.

Namba za HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwenye forodha, nazo zinaponza wengi. Usivute sura yote ya 47, ile ya rojo, kwa sababu ndani yake kuna 4707, yaani karatasi chakavu, na Marekani huuza nyingi mno. China ilizuia karatasi chakavu zisizochambuliwa 2018, kisha kuanzia Januari 1, 2021 ikafunga kabisa uingizaji wa taka ngumu. Ukijumlisha sura nzima utadhani viwanda vya rojo vya Marekani vimekufa. Chukua 4701 hadi 4705 tu. 4706 ni rojo la karatasi zilizorejelezwa na la mimea isiyo miti, liache nje.

Hata ndani ya 4703, rojo la kemikali, tenganisha 470321 na 470329. La kwanza ni rojo lililopaushwa la misonobari na jamii yake, nyuzi ndefu, la Canada, Uswidi na Finland. La pili ni nyuzi fupi, hasa mikaratusi ya Brazil na Uruguay, na kwa kawaida bei yake iko chini. Afrika Kusini itafute 4702, rojo la kuyeyushwa linalotengeneza nyuzi za nguo. Bila hilo utaiona ndogo kuliko ilivyo.

Uruguay inahitaji uangalifu zaidi kuliko zote. Kiwanda cha Fray Bentos, kilichoanza 2007, kiko ndani ya eneo huru la biashara. Takwimu zinazolihesabu eneo hilo kuwa nje ya mipaka ya forodha huonyesha magogo "yakiuzwa nje" kwenda kiwandani, na rojo lenyewe halionekani. Hapo tumia upande wa pili: manunuzi ya China na ya nchi za Ulaya kutoka Uruguay. Ila kumbuka mnunuzi huandika CIF, yenye nauli na bima, na muuzaji FOB, isiyo na hizo, kwa hiyo usichanganye hizo mbili kwenye mstari mmoja. Uholanzi ni kinyume chake. Linganisha mauzo yake na uzalishaji wake kwenye FAOSTAT. Mauzo yakizidi uzalishaji, mzigo unapita tu bandarini.

Sifuri nayo ina maana zaidi ya moja. Eswatini ilishuka baada ya kiwanda cha Usutu kufungwa 2010, hiyo ni sifuri ya kweli. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Kenya, enzi zake kilikuwa kikitengeneza rojo na kulitumia palepale kwa karatasi zake, kwa hiyo ukitazama mauzo ya nje pekee hutajua kama kiwanda kilikuwepo. Finland vilevile: sehemu kubwa ya rojo lake iliondoka nchini ikiwa karatasi, kwa hiyo kuiweka chini ya Brazil kwa kigezo hiki peke yake ni kuionea.

Mwisho, toa mfumuko wa bei. Kwa fahirisi ya bei za walaji ya Marekani (130.7 mwaka 1990, 304.7 mwaka 2023), dola 100 za 1990 ni kama 233 za 2023. Zidisha kila mwaka kwa uwiano wake, kisha ndiyo uchore.